CCD au CMOS: unyeti wa kamera ya darubini hautoshi kupimwa kwa namba moja ya asilimia

Tangu Sony ilipotangaza mwaka 2015 kwamba inaacha kutengeneza CCD, aina ya zamani ya sensa (kipande cha silikoni kinachonasa mwanga ndani ya kamera), kamera nyingi za aina hiyo zimeingia sokoni kama mitumba, na mnunuzi wa darubini ndogo anabaki na swali: achukue CCD ya bei nafuu au CMOS, aina mpya zaidi ya sensa? Wengi wanajibu kwa kutazama ufanisi wa kwanta, yaani katika fotoni (chembe za mwanga) 100 zinazoangukia sensa, ni ngapi zinazaa elektroni. Sahani za kioo za zamani za kupigia picha zilinasa fotoni 1 au 2 tu. KAF-8300, CCD iliyopendwa sana na wapiga picha wa anga, hufika karibu 55 kwenye kilele chake. IMX571 ya Sony, CMOS inayopokea mwanga kwa upande wa nyuma, hupita 80.

Namba hizo ni za kweli, ila zina mitego. Kilele ni cha rangi moja ya mwanga, mara nyingi kijani. Anayepiga nebula (mawingu ya gesi angani) kwa kichujio cha haidrojeni-alfa, mwanga mwekundu wa haidrojeni, anahitaji thamani ya nanomita 656, na hapo sensa nyingi zimeshateremka. Tena kuna grafu ambazo kilele chake kimewekwa kuwa 100 ili kuonyesha umbo tu. Ukiziweka kando ya grafu ya asilimia halisi utadanganyika. Na sensa ya rangi, hata iwe na ufanisi mkubwa kiasi gani, hunasa haidrojeni-alfa kwa robo tu ya pikseli zake, zile zenye kichujio chekundu.

Kwa maoni yangu, tofauti kubwa iko kwenye kelele ya usomaji: elektroni za uongo zinazoongezeka kila picha inaposomwa kutoka kwenye sensa. KAF-8300 huongeza takriban 8. IMX571, geini (kiwango cha kukuza ishara ya sensa) ikipandishwa hadi hali ya ukuzaji wa juu, huongeza takriban 1.5. Kanuni inayotumika sana ni hii: zidisha kelele ya usomaji kwa yenyewe, zidisha kwa 10, kisha gawanya kwa elektroni ambazo mwanga wa anga unaingiza kwenye pikseli kila sekunde. Unapata muda wa picha moja ambao kelele ya usomaji haitaongeza kelele nzima ya picha kwa zaidi ya asilimia 5 hivi. Chukua anga la elektroni 0.5 kwa sekunde. CCD inadai sekunde 1,280, zaidi ya dakika 21. CMOS inatosheka na sekunde 45. Upepo ukitikisa darubini, au setilaiti ikikatiza, mwenye CMOS anatupa sekunde 45. Mwenye CCD anatupa dakika 21 zote.

CCD ina utetezi wake. Ikiunganisha pikseli nne kuwa moja kabla ya kusoma, inalipa kelele mara moja tu. CMOS ya kawaida hujumlisha baada ya kusoma, kwa hiyo 1.5 inakuwa 3. Lakini 3 bado ni chini ya 8, na hoja hii hupoteza nguvu hapo. Utetezi wenye uzito uko kwenye mwanga mwekundu wa mbali. Kamera ya kituo cha uangalizi wa anga cha Rubin huko Chile ina CCD 189 zenye unene wa mikroni 100, kwa sababu mwanga wa karibu nanomita 1,000 hupenya silikoni nyembamba bila kunaswa. Kwa kioo cha mita 8.4 na vichujio vipana, anga hujaza pikseli haraka, na kelele ya elektroni chache haiumi. Kinyume chake, Tomo-e Gozen, kamera ya kituo cha Kiso, Japani, inasoma sensa 84 za CMOS mara mbili kwa sekunde. CCD ikisomwa upesi hivyo kelele yake hupanda.

CMOS nayo ina pikseli zinazorukaruka thamani kati ya picha na picha. Dawa yake ni kusogeza darubini kidogo kila baada ya picha chache, ili programu izitambue na kuzitupa. Joto nalo: kipoza cha kamera kinachoshusha nyuzi 35 chini ya joto la hewa, kwenye usiku wa Mombasa wenye nyuzi 28, kitaishia -7, na ni afadhali kuweka -5 ili kisifanye kazi kwa nguvu zote.

Ukitaka kulinganisha kamera mbili mwenyewe, usitazame ipi inatoa picha angavu zaidi, maana kupandisha geini kunaangaza picha bila kuongeza fotoni hata moja. Funga kifuniko, piga picha mbili za muda mfupi kabisa, toa moja kwa nyingine, tafuta mkengeuko sanifu wa tofauti hiyo, gawanya kwa 1.41, kisha zidisha kwa idadi ya elektroni kwa kila hesabu moja ya kamera (hesabu ni namba ambayo kamera huandikia kila pikseli). Hiyo ndiyo kelele ya usomaji. Kwa ufanisi, piga nyota ileile, kichujio kilekile, nyota ikiwa juu angani, na geuza hesabu kuwa elektroni kwa sekunde. Jumlisha nyota nzima badala ya pikseli moja: pikseli ya mikroni 5.4 ina eneo karibu mara mbili ya ile ya mikroni 3.76, na peke yake itaonekana nyeti zaidi hata kama sivyo.