Msimbo wa LE

Kwa kuwa rafiki yangu amekwisha kuwasimulia watu wote tunaofahamiana, na katika toleo lake la jana nimefikishwa hadi kupiga simu zimamoto, nimeona ni heri niieleze habari hii mwenyewe kabla haijaota pembe. Sikupiga simu zimamoto. Nilichofanya ni kuifukia sigara yangu ya kielektroniki ndani ya ndoo ya mchanga, nikaitoa nje na kuketi mbali nayo kwa muda wa saa nzima nikiitazama, jambo ambalo mtu anayezijua tabia za betri za lithiamu, ambazo zikiharibika huweza kuwaka moto, hawezi kunilaumu kwalo. Mengine yote aliyoyasema, kwa masikitiko makubwa, ni kweli.

Wengi wenu mnaikumbuka sigara yangu ya zamani, ile iliyokuwa na kitufe kimoja tu na isiyojua kusema lolote. Hii mpya ni ya volti zinazobadilishwa. Ina umbo la bomba, ndani yake hukaa betri moja ya 18650, ambayo huitwa hivyo kwa sababu upana wake ni milimita 18 na urefu wake milimita 65, na kando ya kitufe cha kuvutia mvuke ina vitufe viwili vidogo ambavyo kila kimoja kikibonyezwa hupandisha au kushusha volti kwa 0.1, kuanzia 3.0 hadi 6.0. Ubavuni, kwa kufuata urefu wa bomba, pana kidirisha cha tarakimu mbili zinazoundwa kwa vijistari saba saba kama vile vya kikokotoo. Naomba mviweke akilini hivyo vijistari. Wale msionifahamu ana kwa ana wekeni akilini pia kwamba mimi ni mashoto.

Siku ya kwanza nilivuta, mvuke ukatoka mwembamba. Nikakitazama kidirisha, nacho kikaniandikia, kwa wekundu usio na haya, herufi mbili: LE.

Nilifungua mwongozo wa matumizi. E1 ilikuwapo, ikimaanisha shoti kwenye koili, ule waya unaokipasha kimiminika moto hadi kiwe mvuke. E2 ilimaanisha ukinzani wa koili kwa umeme ni mdogo mno. E3 ilihusu betri iliyoishiwa na E4 ilihusu joto. (Tafadhali msiichukue orodha hii kwenda nayo kwenye vifaa vyenu, kwa maana kila mtengenezaji hujitungia misimbo yake, na E2 ya huku yaweza kuwa jambo jingine kabisa huko kwenu.) LE haikuwapo. Mtu mwenye busara angejiuliza mbona kifaa kinachodai kuwa na hitilafu kinaendelea kutoa mvuke, ilhali kifaa cha aina hii kikiona shoti ya kweli hukataa katakata kuipasha koili moto. Mimi nilihitimisha kwamba kosa langu lilikuwa kubwa kiasi cha kuwashinda hata waandishi wa mwongozo.

Basi nikaanza kazi. Nilizima na kuwasha kwa kubonyeza mara tano kama inavyotakiwa. Nilitoa betri, nikahakikisha kwamba chanya na hasi zimeelekea zinakostahili, nikairudisha. Nilifungua atomaiza, yaani kile kichwa chenye koili na kimiminika, nikasafisha hesi za kiungio cha 510, pale kinapofungwa kwenye bomba la betri, kwa pamba yenye spiriti, kwa sababu kimiminika kikivuja humo huleta matatizo mengi. Niliinyanyua kidogo kwa kijiti ile pini ya katikati, ambayo mtu akikaza atomaiza kwa nguvu hudidimia na kuacha kugusa. Nilipima koili kwa kipimio cha umeme, nikapata ukinzani wa omu 2.4, barabara kabisa. Kila hatua ilikuwa sahihi. Hili nataka liandikwe mahali: hakuna hata hatua moja niliyoikosea, ila tu hapakuwa na ugonjwa.

Katika kukishikashika kifaa huko nilikuwa nikigusa kile kitufe kidogo cha kupunguza bila kukusudia, na kila nilipokigusa, msimbo ulibadilika. LE ikawa 9E. Kisha ikaja 5E, halafu hE, ambayo niliikodolea macho kwa muda mrefu. La kutisha zaidi ni kwamba kila msimbo mpya ulikuja na mvuke hafifu kuliko uliotangulia, kwa hiyo nikaona dhahiri kwamba ugonjwa unasonga mbele. Ilipotokea EE nilielewa kuwa makosa ni mawili kwa wakati mmoja, na hapo ndipo ndoo ya mchanga ilipoingia katika habari hii.

Baada ya saa moja kifaa kilikuwa baridi kama jiwe. Nilikifukua, nikakipiga picha tatu, nikamwandikia aliyeniuzia barua ya aya nne ambamo neno "uzembe" lilitokea mara mbili.

Kesho yake wakaja rafiki yangu na wenzetu watatu, nami, badala ya kunyamaza, nikawaandalia somo. Niliketi upande mmoja wa meza na wao upande wa pili, sigara nikaishika kwa mkono wangu wa kushoto, kinywa chake kikielekea kulia. Nilikwisha kuweka koili mpya, ili pasiwe na wa kuisingizia ile ya zamani, na pamba yake nilikuwa nimeidondoshea matone mawili tu ya kimiminika, kwa kuwa hadhira ilikuwa ikisubiri. Ninyi mnaojua mnajua. Koili mpya huachwa dakika kadhaa hadi pamba yake ilowe mpaka ndani.

Nikawaeleza kwamba misimbo hii ina ukoo. Nikabonyeza kitufe cha kuongeza ili niwaonyeshe, nayo ikapita mmoja mmoja: 2E, EE, hE, 5E, hadi 6E. Kisha, mbele ya macho yangu mwenyewe, ukoo wa E ukakoma na ukoo wa h ukaanza: 0h, 1h, 2h, ukaendelea hadi 6h. Nilikuwa nikiisoma kwa sauti kama mwalimu wa darasa la kwanza. Kuna mmoja aliyekuwa akiandika.

Halafu kidirisha kikaandika 0.5.

Hii ilikuwa namba! Nukta yake, ni kweli, ilikuwa imekaa juu badala ya chini, lakini nilikuwa na furaha mno ya kuona kitu kinachosomeka hata nikaisamehe. Nikawatangazia kwamba kifaa kimepona na kwamba sasa kinatoa nusu volti. Nikaongeza, kwa kuwa hakuna aliyeniuliza, kwamba ukizidisha volti kwa volti ukagawanya kwa ukinzani unapata wati, na kwamba nusu volti kwenye omu 2.4 ni kiasi cha sehemu moja ya kumi ya wati, joto ambalo lisingemsumbua hata sisimizi.

Rafiki yangu, ambaye muda wote huo alikuwa ameinamia simu yake, akainua kichwa, akakitazama kidirisha kutoka upande wake wa meza, akasema kwa upole, "Ndugu yangu, mbona umeiweka kwenye tano?"

"Nusu," nikamjibu.

"Tano," akasema.

Nilimtazama kama mtu anavyomtazama asiyejua kusoma. Kisha, ili kuumaliza ubishi, nikakipeleka kifaa mdomoni taratibu, nikamkazia macho yeye na si mwingine, nikabonyeza kitufe, nikavuta kwa kifua chote.

Kulikuwa na sauti kwanza, kama ya kitu kinachokaangwa bila mafuta. Mimi niliisikia, na nilikuwa na nafasi ya kuacha, lakini nilikuwa katikati ya kumshinda mtu. Kisha ikaja ladha. Siwezi kuieleza ladha ya pamba kavu inayoungua ila kwa kusema kwamba ni kama kulamba shuka iliyosahauliwa chini ya pasi. Ikafika kwenye ulimi, ikatua, ikaendelea kwenda chini bila haraka, na nilihisi kila pindo la koo likiipokea na kuikataa. Macho yalijaa maji yenyewe. Nilijaribu kuubakiza uso wangu katika hali ya mtu anayefikiri. Nadhani ulikaa hivyo sekunde mbili, nao wanne wananitazama, nami nimeufumba mdomo kwa sababu ya heshima, hadi moshi ukatafuta njia yake mwenyewe puani.

Nilikohoa hadi nikapoteza kiti. Sehemu hiyo ya masimulizi ya rafiki yangu haina chumvi hata punje.

Nilipopata tena uwezo wa kuona, nilimkuta amekwisha kukichukua kifaa kutoka sakafuni. Hakusema neno. Alikishika mbele ya macho yangu kama nilivyokuwa nimekishika mimi, 0.5, nukta yake juu, kisha akakizungusha polepole, kichwa kikawa miguu na miguu ikawa kichwa, na kile kidirisha kikasoma 5.0, nukta yake ikiwa imetulia chini mahali pake. Zile zilikuwa wati kumi na kitu, mara 100 kamili ya zile nilizomwahidi sisimizi. Akashusha volti hatua kwa hatua hadi 3.7, akakizungusha tena.

LE.

Yaani ile ilikuwa 3.7, kiwango kilichowekwa kiwandani. Tatu ukiipindua ni E, saba ukiipindua ni L, nne ni h, na tisa ni sita. Michezo hii nilikuwa nikiifanya kwa kikokotoo nikiwa shuleni. Ule "ugonjwa unaosonga mbele" ulikuwa mimi mwenyewe nikishusha volti kwa kidole gumba na kushangaa kwamba mvuke unapungua.

Yaliyobaki ni machache. Koo limepona siku ya tatu, koili imetupwa, nao wanne wananiita Le, hata katika ujumbe wa salamu. Niliwahi kumwandikia muuzaji kumwomba aipuuze ile barua ya aya nne, lakini alikuwa amekwisha kuijibu. Jibu lake halikuwa na salamu wala maelezo. Alikuwa amenirudishia zile picha zangu tatu, zote zimegeuzwa.