Watu 142 kwa Risasi za Nani?

Jumamosi nilikuwa kwa kinyozi, simu ya mtu ikionyesha polisi wa Marekani wakivunja mlango. Kijana aliyekuwa akisubiri zamu akasema, "Mzee, askari akiuawa, mtaa mzima ubebwe." Wenzake wakamuunga mkono. Nilipandwa na hasira, na bado sijatulia.

Mdogo wangu, mtaa mzima ulishawahi kubebwa. Detroit, Marekani, usiku wa Machi 29, 1969. Republic of New Afrika, watu weusi waliodai majimbo matano ya kusini wajitenge na kuwa na nchi yao, walikuwa wakiadhimisha mwaka mmoja katika kanisa la New Bethel, kwa mchungaji C. L. Franklin, baba yake mwimbaji Aretha Franklin. Uchumi wa nchi waliyoiota walikuwa wameupa jina la kwetu: ujamaa. Nje, askari wawili wakakutana na walinzi wenye bunduki. Michael Czapski akauawa, mwenzake akajeruhiwa. Polisi wakaja kwa wingi, wakalimiminia kanisa risasi huku ndani mna wanawake na watoto, kisha wakakamata watu 142.

Walinzi wale kubeba bunduki barabarani sikuungi mkono, na Czapski naye alikuwa mtoto wa mtu. Hilo nakubali. Lakini watu 142 hawawezi kuvuta kifyatulio kimoja! Mama aliyelala chini ya benchi la kanisa amemfunika mwanawe, kosa lake ni lipi?

Jaji George Crockett, mweusi, aliamshwa alfajiri, akaenda makao makuu ya polisi na kufungua mahakama palepale. Akataka kila mtu aelezwe kosa lake, akaanza kuwaachia. Mikono yao ilikuwa imepimwa baruti bila wakili kuwepo. Akasema hilo ni kinyume cha katiba. Polisi waliandamana kumpinga, watu wakataka aondolewe. Hakurudi nyuma. Waliokuja kushtakiwa kwa mauaji yale, hakuna hata mmoja aliyetiwa hatiani.

Naumia kwa sababu kaka yangu alizolewa kwenye msako akiwa amesimama tu kituoni anangoja daladala. Siku tatu. Mama alikaa nje ya mahabusu na chupa ya uji, kila askari akipita anainuka kumuuliza, mpaka uji ukachacha.