Macho Makavu, Macho ya Haya: Uso Unaweza Kumtaja Mwongo?

Duka lenyewe ni la leso, karibu na Barabara ya Biashara hapa Mombasa. Jioni moja hesabu ilipungua shilingi 6,500. Bi mwenye duka, mtu ninayemheshimu na ambaye nimenunua kwake miaka mingi, alimwita kijana wake wa kazi mbele yetu wateja wawili tuliosalia. "Niangalie machoni," akamwambia. Kijana wa Likoni, hata miaka ishirini hajatimiza, akainamisha kichwa. Jasho likamtoka. "Bi, wallahi sijagusa," akasema, na sauti ikamkatikia njiani. Ikawa basi. "Mtazameni uso wake huyo!" Kabla ya adhana ya magharibi alikuwa ameshavuka feri kurudi kwao, kazi hana.

Siku ya tatu pesa zikaonekana. Bi mwenyewe alikuwa amemlipa muuza mifuko kwa simu, adhuhuri, wakati duka limejaa watu, na hakuandika.

Mwaka huohuo mtaani kwetu alipita wakala wa kazi za Saudia. Sauti yake tulivu, anakutazama usoni, anamjua kila mzee kwa jina, na msikitini hakosi safu ya kwanza. Wazazi walimkabidhi pesa za pasipoti, za daktari, za tiketi. Mama mmoja aliuza cherehani. Tiketi hazikuja, na simu ya wakala ikawa haipatikani. Sikumsikia mtu hata mmoja akisema kwamba uso wa bwana yule ulimtia shaka.

Tangu hapo nimekuwa nikilifikiria suala hili kwa uzito, kwa sababu hapa Pwani karibu kila mmoja wetu anajiona hodari wa kumsoma mwongo. Na Kiswahili chenyewe kinatupa maneno tele ya kumwelezea. Mwongo hubabaika, huuma maneno, hutapatapa, hukwepa macho. Lakini mwongo huyohuyo tunasema ana macho makavu: hapepesi, haoni haya, ulimi wake asali. Yapange maneno hayo pamoja uone yanavyogombana. Anayetazama chini ameshikwa kwa kutazama chini, na anayetazama mbele ameshikwa kwa ukavu wa macho. Ukishamshuku mtu, alama ya kumtia hatiani haikosekani.

Hata hivyo wanaoamini uso hawazungumzi upuuzi, na hoja zao nataka nizipe haki yake.

Hoja yao ya kwanza ni ya wanaotujua. Katika kisa cha Nabii Yusuf, ndugu zake walimwendea baba yao usiku wakilia, mkononi wana kanzu yenye damu ya uongo. Machozi yalikuwepo na kizibiti kilikuwepo, lakini Nabii Yaakub hakudanganyika. Aliwaambia kwamba nafsi zao ndizo zilizowapambia jambo. Yule alikuwa mzazi, anawajua wanawe tangu utotoni. Mama yeyote wa Kisauni au Majengo atakwambia vivyo hivyo: mwanangu akidanganya namjua, sauti yake hupanda, au ghafla anakuwa mpole kupita kiasi. Hilo siwezi kulikana. Anayeijua hali ya kawaida ya mtu ana kitu cha kulinganisha, na hulka ikibadilika huiona.

Ya pili inatoka maabara. Mwaka 1969 wanasaikolojia wa Marekani, Paul Ekman na Wallace Friesen, waliandika kuhusu hisia zinazovuja mwilini mwa mtu anayejitahidi kuzificha. Walikuwa wamechunguza filamu ya mgonjwa aliyemwambia daktari wake kwamba sasa yu mzima wa moyo, akaomba ruhusa ya kwenda nyumbani mwisho wa wiki. Baadaye alikiri kwamba alikusudia kujiua. Filamu ilipopunguzwa mwendo, palionekana usoni mwake huzuni kubwa iliyopita upesi mno, kisha tabasamu likaifunika. Ekman alieleza kwamba mipito ya namna hii huchukua baina ya sehemu moja ya ishirini na tano na sehemu moja ya tano ya sekunde. Aliyewahi kumwona jirani akicheka kwenye harusi huku uso wake umesinyaa kwa nukta moja hatalipinga jambo hili kwa wepesi.

Na wazee wetu wa barazani wanayo ya tatu, firasa, yaani jicho la kutambua yaliyo ndani ya mtu kwa kumtazama tu. Wataitaja hadithi iliyopokewa na Tirmidhi kwamba muumini aogopwe kwa firasa yake, kwani huona kwa nuru ya Mwenyezi Mungu. Wanavyuoni wengi wameitilia shaka sanadi ya hadithi hiyo, yaani mlolongo wa walioipokea, lakini fikra yenyewe imekita mizizi, na mimi nimekaa na wazee ambao naapa wana jicho.

Taabu huanza tunapouliza: jicho hilo hukosea mara ngapi? Mwaka 2006 Charles Bond na Bella DePaulo walikusanya matokeo ya tafiti nyingi zilizohusisha waamuzi zaidi ya 24,000, watu waliotazama au kusikiliza wengine na kuamua nani mkweli. Kwa wastani walipatia mara 54 katika 100. Ukirusha sarafu hewani utapatia 50. Miaka mitatu kabla, DePaulo na wenzake walikuwa wamepima alama 158 zinazodhaniwa kumfichua mwongo. Nyingi hazikuwa na uhusiano wowote na uongo au zilikuwa nao kidogo sana, na kukwepa macho kulikuwa miongoni mwa zilizoanguka. Lakini watafiti walipowauliza watu wa nchi 58 mwongo wanamjuaje, karibu theluthi mbili walijibu: haangalii machoni. Dunia nzima imekubaliana juu ya alama isiyofanya kazi.

Hata mipito ya haraka ya Ekman ina mashaka yake. Utafiti wa Stephen Porter na Leanne ten Brinke wa mwaka 2008 ulikuta kwamba hutokea kwa nadra sana, na kwamba huonekana hata kwa mtu ambaye hisia zake ni za kweli. Ekman mwenyewe, akiwa na Maureen O'Sullivan mwaka 1991, aliwapima polisi, mahakimu, madaktari wa akili na wataalamu wa mashine ya kupima uongo. Kundi moja tu lilishinda kubahatisha, walinzi wa rais wa Marekani. Tangu 2007 viwanja vya ndege vya Marekani vilitumia maafisa waliofunzwa kusoma tabia za abiria, na wakaguzi wa serikali waliporipoti mwaka 2013 walisema zimeshatumika takriban dola milioni 900 bila ushahidi wa kutosha kwamba njia hiyo inafaa. Na mashine? Aldrich Ames, afisa wa ujasusi wa Marekani aliyekuwa akiuza siri kwa Moscow, aliipita mwaka 1986 na tena 1991.

Sababu ni nyepesi kuielewa. Uso unaonyesha kwamba mtu ana hofu, au haya, au hasira. Hauonyeshi hofu hiyo ni ya nini. Kijana wa duka la leso aliogopa kufukuzwa, aliona haya kusutwa mbele ya watu, na yeye mwenyewe alijua kwamba anatia shaka kwa kutetemeka kwake. Aliyeiba angeogopa pia. Kwa nje hofu hizo mbili ni pacha. Ekman aliliona hilo na kulionya: hofu ya mkweli anayeogopa kutosadikiwa hudhaniwa kuwa hofu ya mwenye hatia.

Hapa Mombasa jambo hili linatuuma zaidi kuliko vitabu vya Marekani vinavyosema, na ndipo ninapotaka kukaa kidogo. Sisi tumelelewa kuficha. Ukiulizwa "hujambo" unajibu "sijambo" hata kama usiku kucha hukulala kwa homa. Mtu anafiwa, anaulizwa hali, anasema "alhamdulillahi". Mgeni akija na sufuria haina kitu jikoni, mwenye nyumba hukunjua uso na kutuma mtoto kwa jirani mlango wa nyuma. Huko kunaitwa sitara, na anayejua kusitiri tunamsifu. Ukialikwa harusi usiyoweza kuhudhuria, husemi "siji", unasema "inshallah". Fundi cherehani anasema "kesho" na nyote wawili mnajua. Wanawake wetu hupeana ujumbe kwa jina la leso, yale maneno yaliyoandikwa juu yake, bila kufungua kinywa. Katika mji unaosema kwa mafumbo kiasi hiki, kuzungusha maneno ni alama ya nini hasa? Mara nyingi ni adabu tu.

Na macho nayo. Mtoto aliyelelewa vyema hamkazii macho mtu mzima. Akiitwa na mwalimu, na baba, na tajiri wake, hutazama chini, na akithubutu kutazama juu ataambiwa ana jeuri. Kisha siku ya tuhuma tajiri huyohuyo anamwamuru, "Niangalie machoni!" Tumemfunza jambo moja miaka kumi na minane, halafu tunamhukumu kwa kulishika. Ndiyo maana nasema kipimo cha uso hakimwangukii kila mtu sawa. Hawaambiwi hivyo wenye mali. Huambiwa mfanyakazi wa nyumbani, turuboi wa lori, mgeni asiyejua lafudhi ya mji, mtoto. Mwenye uwezo ana mazoezi ya kutazamwa, na tapeli ana mazoezi zaidi ya wote, kwa kuwa utulivu ndio mtaji wake.

Mahakama zetu zinaishi na mvutano huu. Hakimu humwona shahidi kizimbani, na sheria inalipa jambo hilo uzito. Lakini katika kesi ya Okeno dhidi ya Jamhuri, mwaka 1972, Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki iliweka msimamo unaonukuliwa hadi leo: mahakama ya rufaa ya kwanza lazima ipime upya ushahidi wote na kufikia uamuzi wake, ikikumbuka tu kwamba haikuwaona wala kuwasikia mashahidi. Kuona kunahesabika, ila hakutoshi. Kwa kadhi nako kanuni ni kongwe: ushahidi ni juu ya anayedai, na kiapo ni juu ya anayekanusha. Haikusemwa kwamba jasho ni juu ya anayekanusha. Hata katika kisa kilekile cha Nabii Yusuf, aliposingiziwa na mke wa bwana wake, kilichomwokoa hakikuwa uso wake. Kanzu ilitazamwa, ikakutwa imechanwa kwa nyuma.

Je, tuache kabisa kutazama nyuso? Sisemi hivyo. Uso ukibadilika ghafla, hasa wa mtu unayemjua, hapo pana swali la kuulizwa. Ninachokataa ni kuufanya jibu. Na maswali yenyewe yana ufundi wake. Aldert Vrij na wenzake wameonyesha kwamba mwongo huelemewa akitakiwa kusimulia kisa kuanzia mwisho kurudi mwanzo, au akiulizwa asilolitarajia, kwa sababu akili yake tayari inabeba mzigo wa kuunda na kukumbuka. Huko Sweden, katika utafiti wa mwaka 2006 wa Maria Hartwig na wenzake, wanafunzi wa polisi waliofundishwa kutotaja ushahidi walio nao mapema, wakamwacha mtu aseme kwanza kisha walinganishe, walipatia asilimia 85. Wasiofundishwa walipatia 56. Tofauti hiyo kubwa ilitokana na namna ya kuuliza.

Sasa mrudishe wakala wetu barazani. Hakuna aliyemuuliza mwajiri ni nani, yuko mji gani, mkataba uko wapi, na jina la ofisi yake limo katika orodha ya mawakala waliosajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira au la. Ni maswali ya robo saa. Tulishindwa kuyauliza kwa sababu tulishamsoma usoni tukaridhika, na kwa kweli tuliona haya: mtu wa safu ya kwanza unamdaije karatasi? Vivyo hivyo kwa kiwanja cha Mtwapa ambacho dalali anakula yamini juu yake. Usimtazame dalali, nenda ofisi ya ardhi utazame rejista. Ukipokea ujumbe wa "nimekosea kutuma, tafadhali nirudishie", ujumbe hauna uso wa kusoma hata ukitaka. Angalia salio lako.

Bi wa leso alipogundua kosa lake hakunyamaza, na kwa hilo namheshimu zaidi. Alivuka feri yeye mwenyewe hadi Likoni, na mshahara wa kijana mkononi, akamwomba radhi mbele ya mamake. Kijana alizipokea pesa kwa mikono miwili, ameinama vilevile. Dukani hakurudi.