Demo kwenye Linux: shule nzuri, ukumbi wenye tabu

Demo si video. Ni programu inayochora na kupiga muziki papo hapo, kompyuta ikikokotoa kila picha wakati mtazamaji ameshakaa kitini. Waandishi wake hushindanishwa katika mikutano kama Assembly ya Finland, iliyoanza 1992, na Revision, inayofanyika Saarbrücken, Ujerumani, kila Pasaka. Vitengo vinavyosisimua zaidi ni vile vya kujibana: programu nzima, picha na sauti, isizidi kilobaiti 64, au hata 4, yaani baiti 4,096. Finland iliuingiza utamaduni huu katika orodha yake ya urithi usioshikika mwaka 2020.

Ajabu ni kwamba kazi nyingi za kitengo cha kompyuta za kawaida huandikwa kwa ajili ya Windows. Watu hawa hupenda kuifungua mashine hadi kwenye mifupa. Mbona basi hawakuhamia kwenye Linux, mfumo ambao msimbo wake uko wazi?

Jibu la wanaoikataa Linux lina uzito. Kwenye Windows, mwandishi anajua kwamba DirectX, zana za Microsoft za kuchora na kupiga sauti, ipo, na kwamba ndani ya mfumo kuna faili la gm.dls lenye ala za muziki tayari, megabaiti tatu na ushee ambazo hazihesabiwi kwenye ukubwa wa programu yake. Ana pia Crinkler, chombo kinachounganisha na kubana kwa mkupuo mmoja. Kwenye Linux hana uhakika huo. Sauti ilianza na OSS, ikaja ALSA, kisha PulseAudio, sasa PipeWire. Mfumo wa kuonyesha madirisha nao unahama kutoka X11 kwenda Wayland. Kila mwamba ngoma huvutia kwake, na mwenye baiti 4,096 hana nafasi ya kuwaridhisha wote.

Kuita maktaba, yaani msimbo uliokwisha kuandikwa na wengine, nako ni gharama. Njia ya kawaida hutaka jina la kila kitendo cha OpenGL, zana ya kuchora picha, liandikwe herufi kwa herufi ndani ya faili, na majina hayo hula nafasi ya muziki. Mafundi walitengeneza vyombo kama dnload na smol, ambavyo huweka namba fupi badala ya majina, kisha hupekua orodha za mfumo wenyewe kutafuta kitendo kinacholingana. Ujanja mtamu, lakini umeegemea mambo ya ndani ya glibc, maktaba ya msingi ya Linux, ambayo hakuna aliyeahidi kwamba hayatabadilika. Toleo la 2.36, mwaka 2022, liliacha jedwali moja la zamani, na baadhi ya programu zilizolitegemea zikakwama.

Lawama moja, hata hivyo, siikubali. Demo ndogo nyingi za Linux huanza na mstari mfupi wa skripti: kata kichwa hiki, fungua kilichobanwa kwa xz au gzip, weka kwenye /tmp, folda ya mambo ya muda, endesha. Wapo wanaosema huo ni udanganyifu kwa kuwa kifunguaji ni mali ya mfumo. Nyani haoni kundule. Anayeazima ala za gm.dls amelala kitanda kilekile.

Tena kosa la kuvunjika-vunjika hutupiwa asiyehusika. Kerneli ya Linux, yaani kiini cha mfumo, hushika kanuni ya kutovunja programu za watumiaji. Programu ya zamani iliyobeba maktaba zake yenyewe na kuongea na kerneli moja kwa moja ina nafasi nzuri ya kuendelea kukimbia leo. Kinachooza ni tabaka za juu. Mwaka 2019 watengenezaji wa Ubuntu, toleo maarufu la Linux, walitangaza kuacha vifurushi vya biti 32, ambavyo demo ndogo huvipenda kwa sababu msimbo wake ni mfupi. Kelele zilipozidi, wakalegeza msimamo.

Halafu kuna raha ambayo Windows haijawahi kuitoa kwa wepesi huo. Mwaka 2011 Mfini Ville-Matias Heikkilä, maarufu kama viznut, alionyesha kuwa mstari mmoja wa lugha ya C unaotema namba bila kukoma unaweza kuwa muziki, ukiuelekeza tu kwenye aplay, chombo cha Linux cha kupiga sauti: sampuli 8,000 kwa sekunde, biti 8 kila moja. Hakuna maktaba wala dirisha. Mwanafunzi hubadilisha alama moja, anasikia tofauti hapohapo.

Ndiyo maana nikiulizwa na anayeanza, humwambia aanzie Linux, ajifunze sheda (programu ndogo zinazochora kwenye kadi ya picha) na sauti huko, asome hata msimbo wa Mesa, maktaba ya picha ya Linux, picha ikimkataa. Lakini akitaka kushindana kwenye kilobaiti 4, sitamficha: aandae toleo la Windows. Na la Linux alitoe pamoja na msimbo wake. Second Reality, demo ya kundi la Kifini la Future Crew, ilishinda Assembly 1993 ikiwa imeandikwa kwa DOS, mfumo wa zamani wa kompyuta. Msimbo wake ulipotolewa 2013, vijana ambao hawajawahi kugusa DOS waliweza kuisoma mstari kwa mstari.