Chanya ya kweli na chanya ya uongo

Kitendanishi cha haraka cha VVU kinachopitishwa na Shirika la Afya Duniani (WHO) sharti kiwabaini walau 99 kati ya watu 100 wenye virusi, na kitoe hasi kwa walau 98 kati ya 100 wasio navyo. Mtu akisikia hivyo, kisha akaona mistari miwili, yaani chanya, hujihesabia kuwa ameambukizwa kwa asilimia 98 au 99. Anakosea. Asilimia hizo zinaeleza kipimo kitasema nini iwapo hali ya mtu inajulikana. Yeye anauliza kinyume chake: kipimo kimeshasema chanya, je, ninavyo?

Jibu linategemea nani wamekuja kupima. Chukua watu 10,000, asilimia 10 wana virusi: chanya za kweli ni 990, za uongo 180. Chukua wengine 10,000 ambao wenye virusi ni asilimia 1 tu: za kweli 99, za uongo 198. Kitendanishi ni kilekile, lakini hapa theluthi mbili ya chanya ni za uongo.

Ndiyo maana majibu hayatolewi kwa chanya moja. Ukiwarudia waliotoa chanya kwa kitendanishi cha aina nyingine, katika kundi la kwanza chanya za kweli zinavuka asilimia 99 ya chanya zote, kiwango ambacho WHO inakitaka. La pili linakwama kwenye 96. (Tuchukulie kwamba vitendanishi havikosei kwa sababu moja, ingawa damu ya mtu inaweza kuvikosesha vyote kwa pamoja.) Mwaka 2019 WHO ikashauri nchi zote zihamie chanya tatu mfululizo, kwa kuwa wengi wenye virusi wameshajijua na wanatumia dawa. Tanzania, utafiti wa 2022-2023 ulikuta maambukizi ya asilimia 4.4 kwa wenye miaka 15 na zaidi. Ukiwatoa wanaojijua, wenye virusi waliobaki kati ya wanaokuja kupima ni wachache zaidi.

Wanaosita kuhamia chanya tatu wanataja gharama. Siioni nzito: katika kundi la asilimia 1, wanaofika kipimo cha tatu ni kama 102 tu. Wanasema pia kwamba mtu hupimwa tena kabla ya kuanzishiwa ARV. Ni kweli, ila wakati huo ameshaambiwa, na pengine ndoa imeshavunjika.

Hoja inayonisumbua ni nyingine. Mwenye chanya mbili na hasi ya tatu huambiwa arudi baada ya siku 14, na si wote hurudi. Katika kundi la asilimia 1 hao ni kama watano, wanne wakiwa hawana virusi; kwao kipimo cha tatu ni uokozi. Katika kundi la asilimia 10 ni kama 13, na 10 kati yao wanavyo. Kwa hiyo naunga mkono chanya tatu kwenye kliniki za wajawazito na upimaji wa watu wote. Lakini katika vituo vinavyohudumia makundi yenye maambukizi makubwa, kanuni hiyohiyo inawarudisha nyumbani bila dawa wagonjwa wengi kuliko wazima inaowanusuru, na huko ningetaka kwanza kuona mpango wa kuwafuatilia.