Kipimo kiko mtoni, namba ziko kwa nani?

Mwaka 2009 maji yenye tindikali yalivuja kutoka mgodi wa North Mara, Tarime, yakaingia Mto Tigithe. Mei 2019 NEMC, baraza la taifa la mazingira, ikaupiga mgodi huohuo faini ya shilingi bilioni 5.6 kwa uchafuzi uliotoka kwenye bwawa la topesumu, yaani mabaki ya mgodi yenye kemikali. Tangu hapo kila mkutano wa mazingira lazima atokee wa kusema: tufunge vihisi mtoni, vifaa vya kupima maji vyenyewe, data ije kwa simu.

Sina ugomvi na vihisi. Nina ugomvi na wanaodhani kazi inaishia kwenye kuvifunga.

Niliwahi kumsindikiza fundi kwenye kijito kimoja huku Kanda ya Ziwa. Simu yake ilisema pH, kipimo cha tindikali ambacho kikishuka chini ya 7 maji yana tindikali, ni 7.1: maji safi kabisa. Akakivuta kifaa juu: kichwa chote kimeota mwani. Akakisugua kwa mswaki wa mtoto, akakichovya kwenye maji maalumu ya kulinganishia, akakirudisha. 6.2. "Kilikuwa kinajipima chenyewe," akasema, akacheka. Mimi sikucheka. Na hapo hatujagusa zebaki ya wachimbaji wadogo, ambayo kipimo cha pH hakiioni kabisa. Hiyo bado inataka sampuli iende maabara.

Halafu kuna Brumadinho, Brazil. Bwawa la mabaki ya mgodi wa pale lilikuwa na vipima-shinikizo la maji, na wiki mbili kabla baadhi yake vilianza kutoa namba za ajabu. Wataalamu wakaandikiana barua pepe. Januari 25, 2019, mchana, ukuta ukaporomoka na tope likafunika kantini ya wafanyakazi. Watu 270 walikufa. Ving'ora havikulia.

Kwa hiyo ombi langu ni dogo. Namba iingie kwenye simu ya mwenyekiti wa kijiji dakika ileile inapoingia ofisi ya mgodi, isisubiri ripoti ya robo mwaka. Ujumbe wa maneno machache unatosha: "pH 4.3, msiteke, msinyweshe." Na kijana wa hapohapo kijijini alipwe kusugua kile kichwa kila wiki.

Najua nitajibiwa kwamba tutazusha taharuki. Haya, tuseme kengele imelia bure mara mbili. Akina mama watakuwa wametembea hadi kisima cha mbali mara mbili bila sababu. Waulizeni wenyewe kama hiyo ni hasara.