Bandi si mshono: mashine ndogo ya kuchomelea na fremu ya bodaboda

Siku hizi mashine ya kuchomelea inabebwa begani. Zile transfoma za waya wa shaba, ambazo zinahitaji vijana wawili kuzinyanyua, bado zipo hapa Dar es Salaam, mtaa wa Gerezani na kwenye karakana za Buguruni. Lakini madukani Kariakoo zimejaa mashine ndogo za inveta zenye mkanda wa kubebea, ambazo unazichomeka palepale unapochomeka pasi. Kijana ananunua moja, anasimamisha banda jirani na kijiwe cha bodaboda, na haipiti muda analetewa fremu iliyopasuka.

Hapo ndipo mafundi wanapogombana. Wakongwe wanasema mashine hii ndogo, ya kuungia vyuma vya madirisha, isiguse fremu ya pikipiki, hata kwa kushikiza tu. Vijana wanajibu kwamba kushikiza si kuchomelea. Ni kupiga nukta chache ili vipande visitembee, kama fundi cherehani anavyopiga bandi kabla ya kushona. Nukta ya sekunde mbili inahitaji nguvu kubwa ya nini?

Nianze na vijana, maana hoja yao ni nzito kuliko wakongwe wanavyotaka kukubali. Rodi ya geji 12, yaani unene wa milimita 2.5, inataka ampea 60 hadi 90. Ukiiweka kwenye 80, moto wa ncha ya rodi unakula karibu kilowati 2. Ongeza kinachopotea ndani ya mashine, na soketi ya nyumbani ya ampea 13 inakaribia ukomo wake bila kuuvuka sana. Udhaifu mkubwa wa mashine hizi ni kwamba zinachoka upesi. Mashine ikiandikwa asilimia 20, maana yake kwa nguvu yake ya juu inachoma dakika 2 katika kila 10, nyingine 8 inapumzika. Kwa geti zima hiyo ni adhabu, ila kwa anayeshikiza si kitu, kwa sababu kati ya nukta na nukta yuko bize na rula na jicho.

Tena mabomba ya fremu za pikipiki hizi za biashara ni membamba, ukuta wake mara nyingi ni kama milimita 2. Nimeona mkongwe aliyezoea chuma cha malori akitoboa bomba kwa mguso mmoja, kisha akatumia robo saa kuziba tundu alilolichimba mwenyewe. Mashine ndogo inasamehe. Na kwenye kushikiza ndiko unyoofu wa fremu unakoamuliwa. Chuma kikipoa kinavuta kuelekea upande uliochomwa. Ukipiga nukta zote upande mmoja, shingo ya usukani inalala, na mwenye pikipiki atalijua hilo siku atakapoachia mkono mmoja Barabara ya Mandela. Anayeshikiza kwa nukta ndogo, moja huku na ya pili upande wa pili, akipima kila mara, akikosea anakata kwa grenda na kuanza upya. Katika hilo vijana wana haki kabisa.

Sasa wakongwe. Fremu si bomba peke yake. Ina mabamba yanayoshika injini, ina masikio ya shokapu, ina kikalio cha stendi, na hivyo vina unene wa milimita 4, 5 na zaidi. Chuma kinene na cha baridi kinanyonya joto kabla halijazama. Nukta inakaa juu kama tone la mshumaa kwenye sahani.

Nililiona hili kwa macho yangu kwenye banda moja Mbagala. Fremu imepinduliwa juu ya tairi kuukuu, bamba jipya la injini limeshikizwa kwa nukta nne, zinang'aa vizuri tu. Mzee mmoja aliyekuja kuazima brashi ya waya akachukua nyundo, akagonga bamba kwa pembeni. Halikugongwa kwa hasira. Nukta mbili zikaruka. Pale zilipokuwa, upande wa bamba, mikwaruzo ya grenda ilikuwa bado inasomeka, mstari kwa mstari. Yaani chuma cha chini hakikuyeyuka hata kidogo. Nukta ilikuwa imekaa kama mgeni ambaye hajaambiwa karibu.

Wengi husema si neno, mshono wa mwisho utaifunika. Tatizo ni hilohilo la kufunika. Mshono ukipita juu ya nukta isiyozama bila kuiyeyusha yote, chini panabaki ufa uliozikwa, na injini inapotetemeka kutwa nzima, ufa unaanzia hapo. Nukta mbaya ni ya kukatwa, si ya kufunikwa.

Umeme wenyewe nao una maneno yake. Banda linavuta kwa waya mwembamba wa mita 30 kutoka nyumba ya jirani, jioni kila mtu amewasha feni na friji, na mashine ambayo ubavuni imeandikwa ampea 200 (namba hizo zisomwe kwa tahadhari hata mchana) inatoa kinachotosha kugandisha rodi tu. Fundi anadhani mkono umeharibika.

Mengine hayana ubishi. Tenki litoke, betri ifunguliwe waya, kibanio cha ethi kiwe karibu na panapochomwa ili umeme usipite kwenye beringi za shingo. Na miwani ya jua si kioo cha kuchomelea, ingawa nusu ya mabanda ya jiji hili yanaamini hivyo.

Kwa hiyo mimi niko na vijana kwenye bomba na niko na wazee kwenye bamba. Lakini naona ugomvi wao unapita pembeni ya kinachovunja fremu. Kinachovunja ni saa kumi na moja jioni, dereva anapokuja na kusema, "Fundi wangu, nishikizie tu niondoke, kesho nitakuja umalizie." Ana hesabu ya kupeleka usiku, yaani fedha ya kila siku anayodaiwa na tajiri, mwenye pikipiki. Fundi angependa kuipeleka fremu kwa mwenye mashine kubwa, lakini kirikuu, kigari cha mizigo cha kuibebea, ni hela, na foleni ni siku nzima. Basi anaongeza nukta mbili za kujipa moyo, anapuliza rangi nyeusi, na bandi inaingia barabarani na abiria wawili mgongoni, mishikaki kama kawaida. Rangi ikishakauka hata yeye hawezi tena kujua ipi ni nukta na ipi ni mshono.

Wapo matajiri wanaosamehe hesabu siku pikipiki ikiwa kwa fundi, na wapo wanaosema hesabu ni hesabu. Dereva wa pikipiki ya mkataba, anayeilipia kidogo kidogo hadi iwe yake, naye hana wa kumsamehe, marejesho yanamsubiri palepale. Ningekuwa fundi, ningemuuliza dereva hesabu yake inasameheka au la kabla ya kuuliza fremu imepasukia wapi, kwa sababu jibu lake ndilo litakaloniambia kama fremu italala kwangu au itaondoka na nukta nne.